Kiwango cha Upweke

Ishaka alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka thelathini na miwili, na alipostaafu hakuna kilichomuuma kama kukosa fomu za kujaza. Wenzake waliostaafu naye walikumbuka mshahara. Yeye alikumbuka mihuri. Nyumbani kwake Kaole alijaribu kupunguza hamu kwa kusoma maandishi ya nyuma ya makopo ya dawa ya mbu, asitosheke. Kwa hiyo siku mtendaji alipomwita ofisini na kumkabidhi bahasha yenye kurasa ishirini na tatu, kila ukurasa una visanduku vya kuwekea alama, aliipokea kwa mikono miwili na kumshukuru Mungu kwa sauti.

Ilikuwa fomu ya kuomba ruzuku. Shirika moja la Dar es Salaam, likiitwa Kifua Wazi, lilikuwa limepata fedha kutoka ng'ambo na sasa linatafuta vikundi vya pwani vyenye miradi ya kuwasaidia wanaume: afya ya akili zao, na namna ya kuwatoa kwenye upweke wakae na wenzao. Ukurasa wa pili ulieleza kwamba wanaume wana shida moja kubwa, nayo ni kwamba hawaongei.

"Wanaume gani hao wasioongea?" aliuliza Yunus, ambaye alikuwa anaongea tangu saa kumi na sasa ilikaribia saa kumi na mbili.

Walikuwa kwenye kibanda cha Majaliwa, fundi baiskeli, ambapo kila siku baada ya sala ya alasiri watu wanne walikaa kwenye mabenchi mawili na kucheza dhumna juu ya mlango wa jokofu bovu. Majaliwa mwenyewe alicheza huku anaziba pancha. Yunus alikuwa dalali wa viwanja, na mdomo wake ndio ulikuwa ofisi yake. Ishaka aliandika matokeo kwenye daftari lenye mistari. Mwenzake wa upande mmoja kwenye mchezo alikuwa Sharifu, mtu mrefu wa kimya anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, ambaye angeweza kumaliza alasiri nzima kwa maneno matatu: salamu, "napita" akikosa kete ya kuteremsha, na kwaheri.

"Tuombe," alisema Ishaka. "Sisi ni wanaume. Akili tunazo. Tunakosa nini?"

"Posho," alisema Yunus, na hoja ikapita.

Siku ya tatu yake akaja afisa mradi wa Kifua Wazi kuwaelekeza. Aliitwa Adila, binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye kishikwambi kwapani na viatu vilivyokwisha kuchoshwa na mchanga wa Kaole.

"Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapa pasipo na grisi."

Adila akakaa. Akauliza swali la kwanza kwenye orodha yake: je, wanakikundi huwa wanakutana?

"Kila siku," alisema Majaliwa kwa fahari. "Mwaka wa kumi na moja huu. Mvua, jua, tupo."

Uso wa binti ukanywea. "Kila siku? Hilo ni tatizo, baba."

"Tatizo gani tena? Si ndiyo mnachotaka?"

"Ndiyo tunachotaka muwe nacho mwishoni," alisema Adila. "Mfadhili anataka aone badiliko. Kutoka huku kwenda kule. Sasa nyinyi mkiwa mmeshafika, sisi tunawasindikiza wapi?"

Wazee walitazamana. Lilikuwa swali zuri. Adila akaeleza kwamba baada ya wiki mbili atarudi na dodoso la awali la kupima upweke, na kwamba vikundi vitapangwa kwa alama. Wenye alama nyingi ndio wenye shida, na wenye shida ndio wanaosaidiwa. Akaongeza pia, kwa upole, kwamba dhumna lisiandikwe. Wafadhili hudhani ni kamari. Liandikwe "zana ya mazungumzo."

Alipoondoka, Ishaka alikunja miwani yake. Alikuwa ameona kesi nyingi zikiharibika kwa sababu mashahidi walikuja mahakamani na nyuso zisizolingana na maelezo yao.

"Kijiwe kinafungwa," alisema. "Wiki mbili. Asikutane mtu na mtu mpaka dodoso lipite."

Majaliwa akaingiza mabenchi ndani. Mlango wa jokofu ukaegeshwa ukutani.

Zilikuwa wiki mbili ndefu. Yunus, aliyezoea kumwaga maneno yake kijiweni, aliyapeleka nyumbani, na siku ya nne mkewe akamwomba aende akamtembelee dada yake Kiwangwa. Huko Kiwangwa alijaribu kumuuzia shemeji yake shamba la mananasi ambalo lilikuwa la shemeji yake. Majaliwa alifungua na kufunga baiskeli moja mara tano. Siku moja Yunus na Majaliwa wakakutana barabarani uso kwa uso, na Majaliwa akainua mkono.

"Usinisalimie," alinong'ona Yunus akiangalia pembeni. "Tuko kwenye upweke."

Ishaka ndiye aliyeumia zaidi, au ndivyo alivyodhani. Alishinda ndani akimfuata mkewe, Hajra, chumba hadi chumba. Siku ya sita alibandika karatasi kwenye vikopo vyote vya viungo, na kila karatasi ilikuwa na tarehe: Bizari, imepokelewa. Hiliki, imepokelewa.

"Baba Mwanamvua," alisema Hajra, "mtungi huu umeuhamisha mara tatu tangu asubuhi. Hayo maji yenyewe hayajui tena yanakaa wapi. Rudi kijiweni kwako."

"Siwezi. Tunatafuta ruzuku ya kututoa majumbani."

Hajra alimtazama, akaenda zake kuanua mpunga.

Sharifu hakuna aliyemwona siku hizo, na hakuna aliyeuliza. Alikuwa mtu wa kimya, na mtu wa kimya akikosekana hukosekana kimya.

Siku moja kabla ya dodoso, Ishaka aliwaita wote barazani kwake wafanye mazoezi. Alikuwa ametoa nakala ya ukurasa wa saba, wenye orodha ya dalili: kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, kujiona huna faida kwa mtu. Akawaambia kila mmoja achague mbili au tatu azisome, azikariri, kisha aseme kwa maneno yake.

Yunus alianza. Akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Mimi, tangu mbuzi wangu afe, sijalala."

"Mbuzi wako ulimchinja mwenyewe siku ya Idi," alisema Majaliwa.

"Ndiyo maana roho inaniuma."

"Tena ulikula miguu yote miwili ya nyuma."

"Kwa majonzi!" alisema Yunus, na hata Ishaka aliyekuwa mwalimu wa mazoezi akacheka mpaka miwani ikaanguka. Majaliwa naye alipojaribu alisahau dalili zake na kuanza kueleza kwa nini matairi ya siku hizi hayadumu. Ishaka akaanza kukata tamaa.

"Sharifu, jaribu wewe. Maneno machache tu."

Sharifu hakusimama. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, karatasi ya ukurasa wa saba imelala pajani bila kufunuliwa.

"Nikitoka chumvini narudi nyumbani," alisema. "Nikifungua mlango huwa nasema hodi. Halafu nakumbuka. Saa zile za kijiweni ndizo nilizokuwa nazihesabu kuwa siku. Zilizobaki nazipitisha tu. Sasa wiki mbili hizi hazikuwepo. Mara mbili nimekaa kwenye ukingo wa bwawa kubwa la chumvi, maji yakatoka, yakarudi, na mimi nipo pale. Sikuwa na uchungu. Ila sikuona sababu ya kuinuka."

Yunus akapiga makofi.

"Huyu jamaa! Kumbe msanii! Miaka yote anatuficha!"

Majaliwa naye akapiga makofi. Ishaka akapiga, kisha akafungua daftari lake akaandika: Sharifu, bora sana, aanze yeye. Sharifu aliwatazama mmoja mmoja, akatabasamu kidogo, akasema, "Ahsanteni."

Kesho yake Adila aliwahoji ndani ya chumba cha mbele cha Ishaka, mmoja mmoja. Mwenye nyumba alijiweka nje chini ya dirisha, eti anaangalia kuku wasiingie. Sharifu akaanza. Alijibu maswali yote ishirini kwa sauti ile ile ya jana, na kishikwambi cha Adila kilipomaliza kujumlisha kikatoa mlio na kuwaka rangi nyekundu. Alama hamsini na nane kati ya sitini. Ishaka, kule dirishani, alikunja ngumi kwa furaha.

Kisha akamsikia Adila akisema, taratibu, kwa sauti ambayo haikuwa ya kazi: "Baba, haya uliyoniambia ni ya kweli?"

"Nimeambiwa niseme yaliyo moyoni," alisema Sharifu.

"Kifaa kinanielekeza nikupe kipeperushi. Kina namba ya simu. Ila, baba, namba hii… huwa haipokelewi sana."

"Haidhuru, mwanangu. Nipe tu."

Ishaka alibaki amechuchumaa chini ya dirisha. Hakumwambia Sharifu aseme yaliyo moyoni. Alimwambia aseme yaliyo ukurasa wa saba. Alirudia jambo hilo kichwani mara kadhaa kama anayekagua nakala ya hukumu akitafuta kosa, na kosa akaliona, na lilikuwa na mwandiko wake.

Asubuhi iliyofuata alikwenda nyumbani kwa Sharifu akiwa na karatasi isiyohitaji sahihi, ili aseme amekuja kuchukua sahihi. Uani alikuta kuku sita ambao hajapata kuona wanene namna ile. Walitembea kwa taabu. Sharifu alikuwa anapakua wali.

"Kuku wako unawalisha nini?" aliuliza Ishaka, maana hakujua pa kuanzia.

"Wali. Unabaki kila siku." Sharifu alionyesha kikombe cha bati kilichotundikwa msumarini. "Sihaba alikuwa anapima kwa kile. Vikombe viwili. Mimi cha mtu mmoja sikijui."

"Si upike kikombe kimoja?"

"Nilijaribu. Kinaungua."

Sihaba alikuwa mkewe. Alikuwa amefariki miezi minane iliyopita, na kijiwe kizima kilikwenda kuzika. Ishaka ndiye aliyesimamia orodha ya vyombo vilivyoazimwa kwa ajili ya hitima, na hakikupotea hata kijiko. Siku ya arobaini ilipopita Sharifu alirudi kwenye benchi, na tangu hapo wamecheza upande mmoja karibu kila siku ya Mungu. Ishaka alijaribu kukumbuka lini alimuuliza jambo lolote lisilohusu kete. Hakukumbuka.

"Yale ya bwawani," alisema.

"Ndiyo."

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Ile ya pili ilikuwa Jumatano."

"Ungekaa mpaka lini?"

Sharifu alifikiri kwa uaminifu. "Sijui. Walikuja watu wa zamu, nikaona haya wanikute nimekaa bila kazi. Nikainuka."

Kwa miaka thelathini na miwili Ishaka alikuwa ameandika maelezo ya watu waliopigana, walioachana, walionyang'anyana mipaka ya mashamba, na siku zote kulikuwa na swali linalofuata. Leo hakuwa nalo. Akavuta mkeka, akakaa, akasema, "Basi nipakulie."

Walikula pamoja. Wali ulikuwa na chumvi nyingi mno, na Ishaka akaumaliza wote.

Juma lililofuata ujumbe wa Kifua Wazi ukaja kukagua. Yalikuja magari mawili, mpiga picha, fulana nyeupe za kugawa, na bango la kufunga kati ya minazi miwili lililoandikwa WANAUME TUONGEE. Mkurugenzi alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye suti ya rangi ya maziwa, na alihutubia kwa saa moja na nusu kuhusu umuhimu wa kusikiliza. Yunus alinyoosha mkono mara mbili kutaka kusema jambo, na mara zote mbili akaambiwa muda wa wanaume kuongea umepangwa kwenye awamu ya pili.

Hotuba ilipokwisha, mkurugenzi akafungua faili. "Sasa tungependa tumrekodi yule mzee wa bwawani. Ushuhuda wake umetugusa sana ofisini. Tumeusoma kwenye kikao cha asubuhi, watu walilia. Yuko wapi namba moja?"

"Hayumo kwenye kikundi," alisema Ishaka.

"Jina lake hili hapa."

"Mimi ndiye katibu. Nimelifuta."

"Kwa nini?"

"Ni mgonjwa."

Mkurugenzi akatazama kushoto na kulia, amechanganyikiwa kweli. "Mzee wangu, si ndiyo mradi wenyewe?"

Yunus alimvuta Ishaka shati kwa nyuma. Majaliwa, aliyekwisha kuvaa fulana juu ya shati lake, akaangalia chini. Maishani mwake Ishaka hakuwahi kuharibu jalada kwa makusudi.

"Mradi ni sisi watatu," alisema. "Na sisi tulikuwa tunaigiza. Tunakutana kila siku, miaka kumi na moja, tunacheza dhumna. Si zana ya mazungumzo, dhumna. Nilifunga kijiwe ili tuonekane wapweke. Yule mmoja hakuwa anaigiza, na kijiwe ndicho kilichokuwa kimemshika. Nikakifunga. Kwa hiyo msimpige picha."

Mpiga picha akashusha kamera bila kuambiwa. Adila aliyesimama nyuma ya mkurugenzi alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Mkurugenzi alifunga faili, akasema jambo kuhusu uaminifu wa takwimu, na baada ya nusu saa magari yakaondoka na bango, na pia na zile fulana, isipokuwa ya Majaliwa iliyokuwa imebana.

Yunus alianza kufoka kabla vumbi halijatulia. Wameramba asali wakaitema! Ruzuku nzima kwa ajili ya maneno ya mtu ambaye…

"Yunus," alisema Ishaka, "Sihaba amekufa miezi minane. Anapika wali wa watu wawili. Alikuwa haigizi."

Yunus akafunga mdomo. Akakaa kwenye tairi la baiskeli, na kwa muda ambao Majaliwa baadaye aliapa ulifika robo saa, dalali hakusema kitu.

"Mimi nilimpigia makofi," alisema hatimaye.

"Tulipiga wote," alisema Majaliwa.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu, kwenye karatasi nzuri nzito. Kifua Wazi ilisikitika kuwaarifu kwamba kikundi chao hakikufikia kiwango cha upweke kinachohitajika. Wasivunjike moyo; wanaweza kuomba tena mwakani. Ruzuku ilikuwa imekwenda kwa kikundi cha mjini Bagamoyo chenye wanachama watatu, ndugu wa tumbo moja, ambao hawasemeshani tangu mirathi ya baba yao. Walipata alama zote. Ilisemekana kila mmoja alidai ofisi yake.

Ishaka aliisoma barua ile mara mbili kwa sababu ilikuwa na muhuri mzuri, kisha akampa Hajra awashie mkaa.

Adila hakuandika barua. Alipiga simu, kwa namba yake mwenyewe, jioni moja baada ya kazi. Alisema kuna muuguzi hospitali ya mjini anaitwa Hafidha, kila Jumanne anakaa na watu wenye shida kama ya baba Sharifu, hana bango wala dodoso, ila foleni yake ni ndefu na inabidi kuwahi. Ishaka akaandika jina na siku. Mwenye kazi ngumu alikuwa Sharifu, aliyekataa mara tatu kwa kusema hataki kusumbua watu. Mara ya nne Ishaka alimjia na bodaboda mbili zimeshawashwa, na Sharifu, ambaye haya zake zilikuwa kubwa kuliko ubishi wake, akapanda.

Muuguzi Hafidha alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuamuru. Alimweka Sharifu ndani kwa muda mrefu, na alipomtoa alimwambia arudi Jumanne ijayo na inayofuata. Kisha akamgeukia Ishaka kwenye benchi. "Na wewe mzee, unalalaje?" Ishaka alifungua mdomo kusema analala vizuri. Akajikuta anaeleza habari za mtungi na vikopo vya viungo, na jinsi asubuhi anapoamka huwa anavaa viatu vya kazini kabla hajakumbuka. Hafidha alimsikiliza mpaka mwisho na kumwambia naye arudi.

Kwa hiyo Jumanne wakawa wanakwenda wawili. Siku Ishaka akiwa na udhuru Majaliwa alimsindikiza Sharifu, na siku Majaliwa akiwa na kazi alikwenda Yunus, ambaye aliuza kiwanja kwenye foleni. Mabenchi yalikuwa yamerudishwa nje. Sharifu hakupona kwa mwezi mmoja wala kwa miwili. Kuna siku alicheza na kuwashinda wote, na kuna siku alishika kete mkononi mpaka mtu amguse bega.

Alasiri moja hakuja. Ilifika saa kumi na nusu, ikafika saa kumi na moja kasorobo. Ishaka alikuwa na mkono mzuri wa dhumna, mzuri kuliko wote aliowahi kushika mwaka ule, naye aliufunua juu ya meza mbele ya kila mtu, akainuka, akashika njia ya mashamba ya chumvi. Kwanza alitembea. Alipofika kwenye mikoko alikuwa anakimbia, mtu wa miaka sitini na mitatu, ndara mkononi.

Sharifu alikuwa anarundika chumvi na koleo, peke yake, mgongo umelowa jasho.

"Vipi?" aliuliza Sharifu. "Kuna msiba?"

"Hakuna." Ishaka aliinama, mikono magotini, akitafuta pumzi. "Umechelewa."

"Mwenzangu anaumwa, nafanya zamu mbili." Sharifu alimtazama miguu yake iliyojaa tope. "Umekuja mbio mpaka huku?"

"Nilikuwa napita."

Hakuna mtu apitaye pale; njia inaishia baharini. Sharifu alimpa koleo la pili, na Ishaka akarundika chumvi kwa ubovu wa mtu aliyeshika kalamu maisha yake yote, akiimwaga nusu njiani. Walipomaliza waliondoka pamoja kupitia kwenye mikoko, na Sharifu akaanza, bila kuulizwa, kusimulia habari za Sihaba: jinsi alivyokuwa anaiba kwenye karata, waziwazi, huku anaimba, na ukimkamata anakasirika yeye. Ishaka alimkatiza mara mbili, maana kusikiliza hakukuwa kazi aliyosomea. Mara zote mbili Sharifu alingoja amalize, kisha akaendelea.